Moto Niliopeleka Kahendero

Kasese, nyumba za reli,
Jumapili, baada ya misa.

Dada yangu Yasinta,

Shikamoo. Natanguliza heshima kabla ya habari, kama tulivyofundishwa pale misheni, na pamoja na heshima natanguliza kuomba radhi, kwa kuwa nimekawia kukujibu kuliko inavyomstahili mtu mwenye adabu. Je, kifundo cha mguu kinaendeleaje? Bado unapanda ngazi za kanisa kwa kushikwa mkono, au siku hizi unapanda mwenyewe na kuwakemea wanaokushika? Na mahindi ya bondeni, yaliwahi mvua ya mwisho? Mimi ni mzima wa mwili, ijapokuwa masikio yangu yamenitia mashakani, na hilo nitalieleza. Biira, binti yangu, ni mzima kabisa. Naliandika hapa juu ili usiyasome yafuatayo kwa hofu, maana mwezi uliopita palikuwa na asubuhi moja ambayo nisingeweza kuliandika kwa hakika.

Umeniambia tena kwamba chumba cha upande wa mashariki kimepakwa chokaa, na ukaniuliza kwa nini mgane wa umri wangu ang'ang'anie ugenini, ilhali reli iliyomleta imeota majani. Kila ulipouliza nilikujibu kwa maneno ya kuzunguka. Uniwie radhi. Leo nitajibu moja kwa moja.

Sababu ilikuwa moto.

Unafahamu kuwa marehemu mke wangu, Masika, alikuwa Mkonzo wa Bwera. Kwa watu wake, kukitokea kifo, moto wa jikoni huzimwa, majivu hutolewa nje yakiwa baridi, na nyumba hukaa bila moto mpaka wazee wa ukoo waruhusu jirani alete moto mpya. Jiko baridi ndilo tangazo la msiba. Mpita njia asipoona moshi asubuhi huuliza nani amekufa kabla hata hajasalimia. Masika alikwenda kuugulia kwa wazazi wake Bwera, akafia huko, na huko tukamzika. Niliporudi Kasese nilikuta jirani yetu, Mama Kabugho, ameutunza ule moto ambao Masika aliuacha jikoni. Wakwe zangu walinieleza desturi kwa upole. Nikawaomba muda, na kwa kuwa mimi ni mgeni hawakunilazimisha. Muda huo nikaurefusha hadi mwezi uliopita. Kila jioni nilifunika makaa kwa majivu, kila asubuhi nikayafunua na kuyapuliza. Ulikuwa moto uleule aliouwasha kwa mkono wake, dada. Sikuweza kufunga safari ndefu na kumwachia mtu mwingine kazi hiyo, wala sikuweza kukueleza sababu bila kuona haya, maana sisi ni watu tuliobatizwa.

Sasa nieleze jinsi moto huo ulivyotoka nyumbani mwangu.

Hapa mjini yupo Haji Twaha, mfanyabiashara mwenye malori yanayokwenda Bwera na mpakani. Amefungua karakana karibu na stesheni ya zamani ili atengeneze mabodi ya malori na mashua kwa alumini. Aliniita niwe mlinzi na mwangalizi wa vibano vya kushikia mabamba, kwa sababu alisikia kuwa nilipokuwa kijana kazi yangu katika reli ilikuwa kugonga magurudumu ya mabehewa kwa nyundo na kusikiliza kama yana ufa. Msimamizi wa karakana ni mhandisi, binti wa upande wa kaskazini, jina lake Akello. Ni mpole, mkali wa kazi, na huniita Mzee Kasiani bila kufupisha.

Mashine yake ndiyo iliyonishangaza. Umewahi kuona mafundi wa kuchomelea: cheche, mwanga wa kuumiza macho, moshi, harufu. Huku hakuna lolote kati ya hayo. Mabamba mawili ya alumini hulazwa kando kwa kando na kubanwa yasisogee. Kisha ncha nene ya chuma kigumu, ambayo mafundi wa hapa huiita mwiko, hushuka ikizunguka kwa kasi na kuzama katikati ya mabamba. Kwa msuguano alumini hulainika kama unga uliokwisha kushika maji. Haiyeyuki, wala haing'ai. Mwiko husonga mbele polepole ukiikoroga upande huu na upande ule, na nyuma yake panabaki mstari wenye mikunjo midogo ya nusu mwezi. Ukiugusa mstari huo ni moto wa kuunguza, lakini moto wenyewe hukuuona popote. Injinia Akello aliniambia kuwa mabehewa ya treni za siku hizi huko ng'ambo huungwa hivyo, kwa sababu alumini ikipigwa moto wa kawaida hupinda na kujaa vitundu ndani. Mwishoni mwiko hutolewa, na pale unapotoka hubaki shimo. Shimo hilo halizibiki lenyewe. Kwa hiyo mafundi huacha mkia wa bamba, ili shimo likatwe na kutupwa.

Mama Kabugho ndiye aliyeleta chakula cha mafundi siku ya kwanza. Alifika mlangoni na beseni kichwani, akatazama ndani, asivuke kizingiti.

"Munaunga vyuma?" akauliza.

"Tunaunga, mama," akajibu Fundi Baluku, ambaye ni mtu wa mzaha.

"Na moto iko wapi?"

"Hakuna moto hapa."

Akaliweka beseni chini, nje. "Nani amekufa humu?"

Mafundi walicheka. Baluku akamwambia, "Mama, ingiza sombe. Maiti hawadai chakula." Lakini hakuingia siku ile, wala siku nyingine yoyote. Tulikuwa tukiifuata sombe yake, kisamvu cha huku, barabarani.

Mimi sikucheka sana, na hapa ndipo yanapoingia masikio yangu. Mwiko unapoanza kuzama, mashine huunguruma vibaya. Alumini ikishalainika, muungurumo hushuka na kuwa sauti moja ya chini, laini, kama mwanamke anayeimba akiwa amefumba mdomo. Masika alikuwa akiimba hivyo aliposonga obundu, ugali wa muhogo wa huku. Hakuwa na maneno, wala wimbo wenyewe haukuwa na jina; sauti ilipanda kidogo, ikashuka, ikakaa. Ugali ulipoiva aligonga mwiko mara moja kwenye ukingo wa sufuria, ndipo nikajua niende nikanawe mikono. Sasa nisikilize vizuri, dada, usidhani nimechanganyikiwa. Mashine ile ilipanda kidogo, ikashuka, ikakaa. Na mwiko ulipotolewa, kibano cha mwisho kilifunguka kwa mlio mmoja mkavu. Mara ya kwanza nilisimama na kwenda kunawa mikono kabla sijatambua ninalofanya.

Sikumwambia mtu. Nilichelewa kurudi nyumbani, nikawahi kufika kazini.

Mashua ya kwanza iliagizwa na wanawake wanunuzi wa samaki wa Kahendero, kijiji cha wavuvi kwenye Ziwa George, na kiongozi wao ni Biira wangu. Walichoka kukodi mitumbwi ya mbao inayovuja. Iliamuliwa kuwa safari ya kwanza, kutoka gatini hadi upande wa pili na kurudi, Biira apande na wenzake pamoja na matenga yao. Ziwa lile ni la viboko, na binti yangu hajui kuogelea. Wengi wao hawajui. Nililijua hilo kila siku nilipokuwa nikikaza vibano.

Mshono mkubwa wa chini, ule unaopita katikati ya tumbo la mashua, ulifanywa alasiri moja ya mvua. Ulipofika karibu na nusu, umeme ulikatika. Sauti haikufifia, ilikatwa, kama pumzi ya mtu aliyeshtuliwa. Mwiko ukabaki umesimama ndani ya alumini iliyokuwa ikipoa. Nami nikaachia kibano nilichokuwa nimeshika, kwa sababu mara moja tu katika maisha yangu niliusikia wimbo ule ukikatwa katikati. Ilikuwa siku aliyoshikwa Masika na ugonjwa. Nilikuwa barazani. Wimbo ukakatika, na nilipoingia nilimkuta amekaa chini, mwiko ukiwa wima ndani ya ugali.

Umeme uliporudi Injinia Akello alirudi nyuma kidogo, akapita upya juu ya alama, akaendelea hadi mwisho. Mkia ulikatwa, ukapindwa kwenye jiliwa mpaka ukawa kama kiatu cha farasi, usipasuke. Hata hivyo hakuridhika. Alikuwa ameagiza rangi ya kupaka upande wa chini, ambayo hupenya kwenye ufa na kuuonyesha, ila haikuwa imefika, na Haji alikwisha kuwatangazia watu siku ya kuishusha mashua majini.

"Injinia, mkia haukupasuka," Haji alisema.

"Mkia ni mkia, Haji. Mimi naulizia katikati."

"Basi muulize mzee. Si ndiye daktari wa magurudumu?"

Akello akanigeukia. "Mzee Kasiani, gonga. Nitajisikia vizuri ukigonga."

Nikaenda nyumbani kuleta nyundo yangu ya zamani. Niligonga mshono mzima, taratibu, na pale katikati niligonga mara nyingi zaidi. Ulinijibu kwa sauti moja, safi kama kengele ya misa. Chuma chenye ufa hujibu kama mtu mwenye mafua. Hiki hakikuwa na mafua. Nikasema, "Ni mzima." Nililisema kwa imani, na Akello akaliamini, kwa kuwa hata kipimo chake mwenyewe cha kupinda mkia kilisema hivyo. Hofu niliyokuwa nayo ningeiwekaje mbele ya watu? Ningesema nini? Kwamba mashine iliacha kuimba kama marehemu?

Siku mbili kabla ya safari Biira alikuja nyumbani. Alikaa kwenye kigoda cha mama yake, akachokoa makaa kwa kijiti.

"Tata, wenzangu hawataki kupanda."

"Mashua ni nzima, binti yangu. Nimeigonga mwenyewe."

"Hawasemi ni mbovu. Wanasema ni ya msiba. Imezaliwa kwenye nyumba isiyo na moto." Akacheka kidogo, lakini macho yake hayakucheka. "Wanataka mwenye mashua aiwashie moto kabla haijaondoka gatini. Moto wa jikoni kwake. Na mwenye mashua ni mimi."

"Basi washa wa kwako."

"Mimi napikia gesi, Tata. Wamenicheka vya kutosha. Moto wa kiberiti hawautaki." Akayatazama makaa. "Lete wa mama."

Dada, nilimweleza yote ambayo padre wetu wa zamani angemweleza. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sawa, Tata. Utakuja nao saa ngapi?"

Asubuhi ya siku yenyewe niligawa makaa. Nusu niliyafunika jikoni kwa majivu kama kawaida, na nusu niliyatia katika chungu chenye majivu, nikakifunga kwa majani ya mgomba, nikapanda pikipiki nyuma ya kijana wa bodaboda ambaye kila mara alikuwa akigeuka kuuliza kwa nini mgongo wake unapata joto. Kulikuwa na ukungu ziwani. Korongo walisimama juu ya mabati ya nyumba wasitikisike, na mashua ilikuwa imelazwa nusu juu ya mchanga, nusu ndani ya maji, ikiwa na rangi ya ukungu huohuo, hivi kwamba kwa mbali ungeona watu wamezunguka kitu kisichoonekana.

Askari wa ziwa alinisimamisha.

"Mzee! Simama hapo! Unabeba nini?"

"Moto, afande."

"Moto gani?"

"Makaa, afande. Ya jikoni kwangu."

"Unapeleka moto kwa boti ya chuma, na boti iko ndani ya maji." Akaniangalia toka viatu hadi kofia. "Mzee, umekunywa nini asubuhi hii?"

"Chai, afande. Naomba radhi."

"Mwache baba yangu!" Biira akapaza sauti kutoka kwenye mashua. "Wewe mwenyewe jana ulisema hiki kitu hupandi!"

"Mimi sipandi kwa sababu siogelei. Hiyo ni akili, si uchawi. Haya, mzee, pita. Lakini ukichoma boti, unaandika maelezo."

Wanawake walicheka, na nilifurahi kwamba wamecheka. Nilitaka kuweka chungu chote ndani ya mashua, lakini mkubwa wao, bibi mmoja aliyejifunga kanga kifuani, akakataa. "Uguse chuma," alisema. "Moto ukikaa ndani ya chungu ni mgeni tu."

Injinia Akello alikuwepo. Akasogea karibu nami. "Mzee, alumini haipendi moto. Weka kidogo tu, na si kwa muda mrefu."

"Nitaweka kidogo."

Nilivua viatu nikapanda. Nilikuwa huru kuyaweka makaa popote, kwa maana hakuna aliyenionyesha mahali. Nilipiga magoti katikati, penye alama ya mahali umeme ulipokatika. Naweza kukuambia kuwa palikuwa tu mahali palipo tambarare. Hata mimi sijui kama ndiyo sababu.

Nikayamwaga makaa, nikayapuliza kama ninavyoyapuliza kila asubuhi, yakawaka. Kwanza nilisikia vimilio vidogo vya chuma kinachopata joto. Mtu wa reli huvijua, havimtishi. Kisha vikanyamaza. Kisha, kutoka chini ya makaa, ikaanza sauti.

Haikuwa kubwa. Ilianzia pale ilipokatikia, dada. Haikuanza mwanzo. Nilijua wimbo ule ulikatwa wapi, siku ile jikoni na siku ile karakanani, na ulianzia hapohapo, ukashuka, ukakaa. Niliinua uso nikamwona Biira amesimama mbele kabisa, kwenye omo, mkono mdomoni. Wanawake waliokuwa wakizungumza waliacha. Askari aliyekuwa akitafuna muwa aliacha kutafuna.

"Tata," Biira akasema kwa sauti ndogo, "unasikia?"

"Nasikia."

"Ni mama."

Wimbo ulikuwa umebaki mwisho tu, nami nilikuwa nikiusubiri kama nilivyousubiri miaka yote barazani. Ukaja. Mlio mmoja, mkavu, kama mwiko kwenye ukingo wa sufuria.

Mshono ukafunguka mbele ya magoti yangu. Haukupasuka kwa kishindo. Ulifunguka tu, mstari mwembamba ulionyooka kama uliochorwa kwa rula, wenye urefu wa mkono wa mtu. Maji ya ziwa yakapanda kupitia mstari ule, kimya, yakiwa safi, yakaingia chini ya makaa. Moshi ukainuka mara moja. Makaa yakawa meusi, moja baada ya jingine, kuanzia karibu na magoti yangu hadi la mwisho.

"Shuka, Biira," nikasema. "Wote wasogee."

Hakuna aliyekuwa amepanda isipokuwa yeye na mimi. Tulishuka. Maji yalikuwa ya kina cha goti. Mashua iliendelea kujaa polepole mpaka nyuma yake ikakaa juu ya tope, na bibi yule wa kanga akatoka kwenye kundi, akamshika Biira mikono yote miwili, akamtazama usoni kwa muda mrefu.

Kesho yake Injinia Akello alikata kipande kile, akaniita mezani kwake. Alikitenganisha kwa vidole tu. Juu palikuwa pameshikana kwa utando mwembamba, kama ngozi ya maziwa yaliyochemshwa, na huo ndio uliokuwa ukionekana kama mshono. Chini yake nyuso mbili za alumini zilikuwa zimekaa zimegusana, lakini alama za tupa tuliyozipigia kabla ya kuziunga zilikuwa bado zipo, kila mstari mahali pake. Mwiko haukuwa umezifikia. Zilikuwa zimebanana kwa nguvu hata nyundo yangu ikazisikia kuwa kitu kimoja.

"Moto haukuivunja, mzee," alisema. "Hapa hapakuwa pameungana. Ingesafiri, ikayumba kidogo katikati ya ziwa, na ingefunguka vilevile. Nilipaswa kuisubiri rangi."

Nilimwomba radhi kwa neno langu la "ni mzima". Naye akaniomba radhi. Tukaombana radhi mpaka Fundi Baluku akatukatiza: "Jamani, boti haijazama na watu wamekula. Nyinyi wawili mnazika nani?"

Kuhusu ile sauti, Akello alinieleza kwamba bamba jembamba likipata joto hutetemeka, na ufa mwembamba hupuliza hewa kama filimbi. Nilimshukuru, na nadhani ni kweli. Kwa nini ilianzia pale ilipokatikia, hilo hakuniambia, kwa kuwa mimi sikumwambia.

Lakini nirudi nyuma, kwenye alasiri ya siku ile ya ziwani, niliporudi nyumbani. Nilivua koti nikaenda moja kwa moja jikoni kufunua ile nusu niliyoiacha. Nilifukua majivu kwa kijiti, kisha kwa kidole, kisha kwa kiganja. Yalikuwa baridi mpaka chini, dada. Baridi kama majivu ya juzi. Makaa niliyoyafunika kwa namna hiyo, kwa mikono hii, yamekuwa yakinisubiri hadi siku ya pili kwa miaka yote hii.

Mama Kabugho alikuwa amesimama mlangoni. "Mzee, toka asubuhi sioni moshi kwako." Hakunisalimia. "Nani amekufa?"

"Hakuna, mama," nikasema. "Hakuna aliyekufa. Biira yuko salama."

Akaingia, akainama, akatia mkono wake katika majivu mpaka kwenye kifundo. Akautoa, akaupangusa kwenye nguo yake.

"Iko baridi kabisa," akasema. Kisha akasema polepole, kama mtu anayemwambia mgonjwa habari, "Basi Mama Biira ameenda. Sasa ndiyo ameenda." Hapohapo akazoa majivu yote kwenye ungo, akayapeleka nje, akaenda kwake kuniletea moto mpya kwenye kigae.

Ndio ninaopikia sasa, na wazee wa Bwera wameuridhia. Ni moto mzuri. Ukizimika, atanipa mwingine.

Mashua imekatwa na kutiwa bamba jipya. Rangi ilifika, ikapakwa juu na chini, haikuonyesha kitu. Mkia na katikati vyote vilijaribiwa, Haji akiwa amesimama kando ameshika kofia yake bila kuharakisha mtu. Biira amekwisha kuvuka nayo na kurudi, na wenzake hugombea nafasi. Mimi bado nakaza vibano. Mwiko unashuka, unaunguruma, kisha sauti inakuwa ya chini na laini. Ni mashine. Nasikiliza kila siku kwa bidii, na ni mashine tu.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba nitakuja. Watu wa Kyarumba watakapomaliza kushusha kahawa yao kutoka mlimani, lori la Haji litaipeleka hadi mpaka wa kusini, na dereva amenikubalia kiti cha mbele. Kutoka hapo nitafuata mabasi kwa kadiri ya nguvu zangu. Naomba usimwambie mtu atandike kitanda kwa fahari. Shuka safi inatosha.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo, na umwambie kuwa nyundo nitakuja nayo, ataiona. Nisalimie mdogo wetu wa mwisho na mkewe, na yule mpwa wangu mwalimu, ambaye naomba anisamehe makosa ya uandishi. Msalimie mama mkwe wako ikiwa bado anawatambua watu. Biira anakuamkia, shangazi yake, na anasema safari ijayo tutakuja wote wawili. Kaburi la wazazi wetu uliniahidi kulipalilia. Nakushukuru kabla sijaliona.

Nina ombi moja la mwisho, na uniwie radhi kwa ugeni wake. Siku nitakayofika, najua utasonga ugali wewe mwenyewe, wala hutakubali msaada. Nami nitakaa barazani kama desturi. Unapousonga, zungumza nami kupitia dirishani, unieleze habari za watu wote, hata zile ninazozijua. Ila usiimbe.

Wako katika damu na katika imani, anayekufuata kuzaliwa,

Kasiani